Nambari Mbili za Wimbo Mmoja: Mwanamuziki wa Eastlands Anahitaji Zote

Wimbo unaotoka katika studio ya Kayole, Umoja au Dandora una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na muziki, na kuna rekodi, yaani sauti zilizonaswa siku ile pale studio. Mali hizi zinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Kwa hiyo kila moja ina nambari yake ya utambulisho, nayo hutumika ulimwenguni kote kuelekeza pesa kwa mwenye haki.

Mfano unaojulikana na kila mtu ni "Malaika". Fadhili William aliurekodi hapa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha wakauimba Miriam Makeba, Boney M. na wengine wengi. Utunzi ni mmoja, rekodi ni nyingi. Hadi leo watu hubishania ni nani aliyeutunga, na Watanzania wengi humtaja Adam Salim. Enzi hizo hakukuwa na nambari hizi. Kiwango cha kimataifa cha nambari ya rekodi kilitoka mwaka wa 1986, na cha utunzi mwaka wa 2001.

Nambari ya rekodi huitwa ISRC. Ina herufi na tarakimu 12. Tano za kwanza humtambulisha aliyepewa mamlaka ya kuitoa, mbili zinazofuata ni za mwaka ilipotolewa, na tano za mwisho ni za rekodi yenyewe. Kampuni nyingi zinazosambaza muziki mtandaoni humpa msanii nambari hii anapopakia wimbo. Rimiksi hupata nambari mpya, na vilevile wimbo ulioimbwa upya jukwaani. Lakini rekodi ile ile ikihamishiwa kwa msambazaji mwingine hubaki na nambari yake ya zamani. Wengi hukosea hapa: huchukua nambari nyingine, na hesabu ya waliosikiliza inagawanyika kana kwamba ni nyimbo mbili.

Ya utunzi ni ISWC: herufi T, tarakimu tisa, na moja ya ukaguzi mwishoni. Msanii hawezi kujitungia. Hupatikana utunzi unapoandikishwa na chama cha watunzi, kwa majina ya watunzi wote na fungu la kila mmoja.

Ugomvi mwingi huanzia kwenye mafungu hayo. Chukua vijana watatu: mmoja kaandika mistari, wa pili katunga kiitikio, na prodyusa katengeneza biti. Siku ya kurekodi ni marafiki, hakuna anayeandika chochote. Wimbo unashika, unapigwa katika kila matatu ya Jogoo Road, na aliyekuwa na nywila ya akaunti ndiye peke yake mwenye jina kwenye mfumo. Kuthibitisha fungu lako baada ya hapo ni kazi ngumu. Karatasi moja yenye majina kamili, asilimia zinazojumlisha 100 na saini za wote ingetosha, nayo huandikwa kabla mtu hajatoka studio.

Ieleweke kwamba nambari hizi hutambulisha kazi tu, hazithibitishi umiliki. Hakimiliki huanza kazi inapoandikwa au kurekodiwa. Anayetaka ushahidi wa ziada huiandikisha kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

Bodi hiyo ndiyo pia hutoa leseni kwa vyama vinavyokusanya mirabaha kutoka kwa redio, baa na magari ya abiria. Leseni hizo zina muda wake, kwa hivyo msanii aiulize KECOBO kwanza ni vyama gani vina leseni mwaka huu kabla ya kujaza fomu au kulipa ada yoyote. Mwenye baa au matatu naye aulize vivyo hivyo kabla ya kumlipa anayekuja kudai pesa za muziki.