Kompyuta Haipangi kwa Niaba Yetu

Mwezi wa Februari mwaka 2018, Rais Yoweri Museveni wa Uganda na Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya walikifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia. Kabla ya utaratibu huo, lori lilisimama mara mbili na kukaguliwa mara mbili. Sasa maofisa wa nchi zote mbili hulikagua mahali pamoja, katika nchi ambayo mzigo unaingia. Utaratibu huo ulidai majengo pande zote mbili, sheria ya Jumuiya na watumishi waliofunzwa. Kama upande mmoja ungalikamilika peke yake, lori lingaliendelea kusimama mara mbili.

Hapo ndipo lilipo fundisho la kwanza kwa kila anayejifunza kutumia programu ya kompyuta ya kupanga miradi: kazi husubiriana. Hesabu ya kusubiriana huko ilibuniwa nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, zamani kabla kompyuta hazijaingia maofisini mwetu.

Tuchukue mfano wa ghala la mahindi mjini Busia. Msingi unahitaji siku 20, kuta siku 30, na paa siku 10. Mabati yaliyoagizwa siku ya kwanza yanafika baada ya siku 40. Msingi, kuta na paa hufuatana. Jumla ni siku 60. Mabati yakifika siku ya 40, yatazingoja kuta hadi siku ya 50. Kwa hiyo mabati yana nafasi ya siku 10, lakini kuta hazina nafasi hata ya siku moja. Kuta zikichelewa wiki moja, ghala zima litachelewa wiki moja. Basi msimamizi mwenye busara hukaa karibu na waashi, wala hashindi akipiga simu kwa muuza mabati.

Programu hufanya hesabu hiyo kwa kufumba na kufumbua, hata kazi zikiwa mia tano. Lakini ni lazima iambiwe ni kazi ipi inayoingoja ipi. Wanafunzi wengi hujaza tarehe kwa mkono, kila kazi na tarehe yake, kisha huchapisha jedwali la rangi za kupendeza. Jedwali hilo ni pambo la ukutani. Kazi moja ikichelewa, nyingine hazisogei, na wakubwa huendelea kusoma tarehe zisizo za kweli.

Aidha, kompyuta haijui kwamba masika huko Busia na Tororo huja kati ya Machi na Mei, wala kwamba mwaka wa fedha wa nchi zote mbili huanza tarehe 1 Julai. Asiyeyaingiza hayo katika kalenda ya mradi atachimba msingi ndani ya maji, au atawaita mafundi kabla fedha hazijatoka.

Ndugu wasikilizaji, jambo hili si dogo. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024, Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli ya kisasa ya kilomita 272, kutoka Malaba, wilayani Tororo, hadi Kampala. Wakati huo reli ya aina hiyo ya Kenya, iliyofika Naivasha mwaka 2019, ilikuwa bado haijafika Malaba. Katika mpango wowote wa kweli, safari ya shehena kutoka Mombasa hadi Kampala huzingoja reli zote mbili.

Wahenga walisema mipango si matumizi. Hatuna budi kuwafundisha vijana wetu programu hizi. Lakini kabla ya kuigusa kompyuta, na waulizwe kwanza: kazi hii inangoja nini, na ni nani anayeingoja?