Tope Linabaki kwa Nani?

Kule Macalder, Nyatike, mchimbaji akishasagiwa mawe na kuyaosha kwa zebaki, huondoka na punje ya dhahabu aliyoikunja ndani ya kikaratasi. Tope humwachia mwenye mtambo. Ndani ya tope hilo mna dhahabu ambayo zebaki haikuinasa, na hutolewa baadaye kwa sayanidi. Mchimbaji analijua hilo vizuri, ila hana pa kulipeleka.

Kila nikiulizwa kuhusu akili unde za kigeni katika ofisi za serikali, nalikumbuka tope hilo. Chukua afisa wa afya mwenye orodha ya wagonjwa waliokosa kuja kuchukua ARV. Anaibandika kwenye programu ya bure na kuomba barua za kuwakumbusha. Barua zinatoka papo hapo. Orodha nayo imeshafika kwenye seva asiyoijua, chini ya sheria za nchi nyingine. Barua ndiyo punje ya kwenye kikaratasi.

Serikali kadhaa zimelijibu jambo hili kwa kutaja nchi. Januari 2025 Italia iliifungia DeepSeek, akili unde ya Uchina, na Februari Australia ikaipiga marufuku katika vifaa vya serikali. Walikuwa na sababu: sera ya DeepSeek yenyewe inasema data huhifadhiwa Uchina, na sheria ya ujasusi ya huko ya 2017 inazitaka kampuni zishirikiane na majasusi. Juni mwaka huohuo, wabunge wa Marekani waliwasilisha mswada wa kuzuia akili unde za Uchina, Urusi, Iran na Korea Kaskazini katika idara zao.

Kenya inakili orodha hiyo? Napinga. Hasimu wa Washington si lazima awe hasimu wetu, na rafiki naye ana sheria zake. Tangu 2018, mahakama ya Marekani inaweza kuiamuru kampuni ya kwao itoe data hata iliyohifadhiwa ng'ambo. Kenya ilipotia saini mkataba wa afya na Marekani Desemba 2025, Mahakama Kuu ilisimamisha uhamishaji wa data za afya siku chache tu baadaye.

Isitoshe, DeepSeek ina sura mbili. Programu ya simu hupeleka maneno yako Uchina. Lakini modeli yenyewe imetolewa wazi: fundi anaweza kuipakua, akaiweka kwenye seva ya Nairobi na kuikatia intaneti, lisitoke hata neno moja. Hapo inabaki hatari ya majibu yaliyopindwa, nayo hupimwa kwa kuijaribu, kama inavyopasa kupimwa modeli ya nchi yoyote.

Tunazo kanuni za 2021, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zinataka data za afya, elimu ya msingi, uchaguzi na usajili wa raia zichakatwe kwenye seva iliyoko Kenya, au angalau nakala moja ihifadhiwe hapa. Neno hilo "au" linanikera sana. Nakala ikikaa Nairobi na nyingine ikaenda Hangzhou, Uchina, au Virginia, Marekani, siri ya mgonjwa imeshatoka. Lifutwe, hasa kwa data za afya.

Kisha kaunti ziwape maafisa wao chombo kilichokaguliwa. Yule afisa ana barua za kuandika kesho asubuhi. Akikatazwa bila kupewa kingine, ataibandika orodha kwenye simu yake mwenyewe, jioni, nyumbani.