Huruma kwa Mbuni ni Hasara kwa Mkulima

Yuko mkulima aonaye uchungu kulikata tawi la mbuni lililowahi kuwalipia wanawe karo. Huruma hiyo haimfai. Mbuni huzaa kahawa katika sehemu ya tawi iliyokua msimu uliotangulia. Tawi kuukuu hubaki kuvinyang'anya chakula vitawi vichanga vitakavyozaa mwakani. Isitoshe, msongamano wa majani hudumisha unyevu, nao unyevu huchochea ugonjwa wa kuoza kwa buni, uliogunduliwa humu nchini mwaka wa 1922. Huko Kiambu na Nyeri, wakati ufaao kupogoa ni baada ya mavuno makuu, kabla ya masika. Walimu, wafundisheni wanafunzi kushika mkasi pamoja na kalamu. Wahenga walinena: mchelea mwana kulia hulia yeye.