Buhembe: Kodi ya Nyumba ni Nafuu, Lakini Mengine Je?

Wazazi wengi wa Bukoba, wanapoona vyumba viwili walivyopanga karibu na soko haviwatoshi tena, hushauriwa kutazama Buhembe. Ni kata mojawapo ya kata 14 za Manispaa ya Bukoba, iko pembezoni mwa mji, na bado ina migomba. Watoto hupata mahali pa kukimbilia pasipo magari, na mama hupata pa kuanika nguo bila kugombana na jirani. Hatuna neno baya juu ya hayo. Sisi tulio na watoto tunajua thamani ya uwanja.

Lakini, wasomaji wetu wapendwa, kodi ya nyumba ni ukurasa wa kwanza tu wa daftari la matumizi. Ukurasa wa pili ni nauli. Tuseme bodaboda ni shilingi 1,000 kushuka mjini na 1,000 kurudi. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni 52,000. Baba na mama wakishuka wote wawili, ni 104,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa serikali kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, kwa hiyo mshahara wa namna hiyo unaacha zaidi ya sehemu moja ya tano barabarani kabla haujafika jikoni. Nafuu ya kodi iliyowavuta huenda imekwisha hapo hapo. Basi kabla ya kuhama, tembeeni kwa miguu siku moja, asubuhi na jioni, mmoja wenu akiwa amebeba mtoto mgongoni. Mtajua kama nauli ni ya lazima au la.

Kuna na umeme, jambo ambalo akina mama wengi hulipia bila kuelezwa. Katika bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa nyumbani asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi aliwekewa shilingi 100 kwa yuniti, kabla ya kodi na makato. Mteja wa kawaida aliwekewa 292. Sasa chukua nyumba yenye wapangaji wanne na mita moja ya LUKU. Kila familia inatumia yuniti 30 tu, taa na pasi na redio. Wangekuwa na mita zao, kila mmoja angelipa 3,000. Kwa pamoja wanafikisha yuniti 120, wanahesabiwa kuwa mteja mkubwa, na kila familia inatoa 8,760. Hakuna aliyeiba wala aliyeacha taa ikiwaka usiku kucha. Ni mita tu.

Tena katika LUKU hiyo hiyo, tangu Agosti 2021, hukatwa kodi ya jengo. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme amemlipia, na ana haki ya kuiombea fidia katika kodi ya pango. Hesabu ya mwaka ni 18,000, nayo si fedha ya kuona haya kuitaja. Itajeni siku ya kuandikishana, si baada ya ugomvi.

Maji tuyaseme kwa ufupi, kwa sababu hapa Mungu ametupendelea. Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na bati la mita za mraba 50 hupokea karibu lita laki moja katika muda huo. Mwenye nyumba asiyefunga gata wala kuweka pipa anawapotezea wapangaji wake maji ambayo baadaye watayanunua. Ombeni gata kabla ya kuomba rangi ya ukuta.

Kibanja kikiwa kiwanja

Yote hayo ni madogo mbele ya chakula. Ndiyo sababu tumeandika.

Mgeni akipita Buhembe, au akienda Muleba, huona kijani kila upande na kudhani ardhi ya Buhaya ina rutuba ya kuzaliwa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Udongo wa asili wa sehemu kubwa ya eneo hili ni maskini, kwa kuwa mvua nyingi huuosha. Kibanja kimetengenezwa na watu. Vizazi kwa vizazi walibeba samadi ya ng'ombe, wakakata majani ya rweya na kuyatandika chini ya migomba, wakarudisha maganda na majivu ya jikoni. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imebebwa na mikono ya wanawake. Humo humo mkawa na ndizi, kahawa, maharage na magimbi. Nje, kwenye rweya, mama alilima karanga na njugu mawe.

Familia yenye kibanja kizima hununua chumvi, sukari, sabuni, dagaa na mafuta. Familia iliyokata migomba ili ijenge vyumba vya kupangisha hununua hivyo vyote, na inaongeza mkungu wa ndizi, maharage na kuni. Kodi ya vyumba inaingia kwa baba, mara nyingi miezi sita kwa mkupuo. Mkungu unanunuliwa na mama, kila siku chache, kwa fedha za kuomba. Tumeliona jambo hili katika nyumba nyingi na hatuoni sababu ya kulificha. Kipato kimeongezeka, mezani pamepungua, na anayeulizwa kwa nini chakula ni kidogo ni yule ambaye hakupokea kodi.

Mnyauko wa migomba nao umeongeza uzito. Ugonjwa huu uliripotiwa Muleba mwaka 2006 na ukaenea mkoani. Waliopoteza shina baada ya shina walishawishika kuuza. Kumbe unazuilika kwa kazi ndogo ndogo: kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kuchoma panga kwenye moto kabla ya kuhamia shina jingine, na kung'oa haraka linaloonyesha dalili. Hata migomba kumi nyuma ya nyumba inastahili uangalizi huo.

Halafu ada za shule za kulipia, harusi na ugonjwa hukatia kibanja vipande. Kipande kimoja mwaka huu, kingine mwaka kesho. (Shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne tangu 2016, na cha sita tangu 2022. Kabla ya kuuza migomba kwa ajili ya basi la njano, tazameni kwanza shule iliyo jirani.)

Hapa mama ana neno la kusema, na sheria inamsikiliza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161, inamtambua mke aliyechangia kwa jasho lake kuendeleza ardhi iliyo kwa jina la mume. Kutandika majani miaka ishirini ni mchango.

Na kwa wale wanaodhani ardhi ya ukoo haimhusu mwanamke, tukumbuke Holaria Pastory. Alirithi kibanja kwa baba yake, na Agosti 1988 akakiuza kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, kwa kuwa mila ya Kihaya haikumruhusu mwanamke kuuza. Akashindwa pale, akashinda Mahakama ya Wilaya. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yale yale ya mwanamume. Mwanaukoo aliruhusiwa kukikomboa kibanja ndani ya miezi sita, lakini kwa kurudisha 300,000 zote.

Haki ya kuuza ni pamoja na haki ya kukataa. Mnunuzi akija kupima, mama asibaki jikoni kuchemsha chai. Atoke, aone kamba inapita wapi, aulize migomba mingapi inaondoka na fedha itanunua nini. Akikubali, aandike jina lake na kusaini kwenye hati mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Asipokubali, aseme siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi hao hao, kabla fedha haijahesabiwa.