Nyuki Ndani ya Gari: Ufanyeje?

Hebu fikiria. Uko kwenye daladala, madirisha yako wazi kwa sababu ya joto, mara nyuki anaingia. Mmoja tu! Abiria wanarukia viti, konda anapunga kitambaa, dereva naye anaachia usukani ili amfukuze. Sasa jiulize: hapo hatari kubwa ni ipi, nyuki au gari linalokwenda bila mtu kulishika?

Nyuki huyo hakukufuata wewe. Amepotea na anatafuta mwanga, ndiyo maana anagongagonga kioo. Akiwa mbali na mzinga, mara nyingi huuma pale anapobanwa au kupigwa tu. Kwa hiyo dereva apunguze mwendo, aegeshe pembeni, kisha madirisha na milango ifunguliwe. Atatoka mwenyewe. Na wewe abiria, tulia, usimpigie dereva makelele.

Wakati mwingine linatua kundi zima. Mei 2016, mjini Haverfordwest, Wales, nyuki wapatao 20,000 walitua nyuma ya gari lililoegeshwa. Wafugaji wa nyuki wakawakusanya, lakini kesho yake nyuki wakaonekana tena, wamelifuata gari! Ilidhaniwa malkia wao amenasa humo. Nyuki wanaohama hawana asali wala watoto wa kulinda, hivyo kwa kawaida si wakali. Hata hivyo usiwachokoze. Mwite mfugaji wa nyuki.

Mambo ni tofauti mzinga ukishachokozwa. Nyuki akiuma, huacha mwiba wake pamoja na harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Harufu hiyo huwaambia wenzake, "Adui yuko hapa!" Nyuki wetu wa Afrika huitikia haraka na kwa wingi. Basi ufanye nini?

• Kama uko ndani ya gari na wao wako nje, funga vioo, dereva aondoe gari taratibu.
• Kama uko nje, funika uso kwa shati au khanga, ukimbie moja kwa moja hadi kwenye nyumba au gari, ufunge mlango.
• Usirukie mtoni wala bwawani. Wanaweza kukusubiri juu ya maji.

Je, umeshaumwa? Toa mwiba mara moja, maana unaendelea kusukuma sumu hata nyuki akishaondoka. Ukwangue kwa ukucha. Cha muhimu ni haraka. Osha kwa sabuni na maji, kisha weka kitambaa chenye maji baridi. Kuvimba na kuwasha palipoumwa ni kawaida.

Lakini wapo watu ambao miili yao haipatani kabisa na sumu hii. Mtu akivimba uso au ulimi, akipumua kwa shida, akipata vipele mwili mzima, akitapika au akiishiwa nguvu, mkimbizeni hospitali sasa hivi. Anahitaji sindano ya adrenalini, na dakika chache zinaweza kuamua uhai wake. Usiseme, "Mbona mwaka jana aliumwa akapona?" Mzio unaweza kuanza safari nyingine. Aliyeumwa na nyuki wengi naye apelekwe, hata kama anajiona mzima, kwani sumu nyingi inaweza kudhuru figo baadaye.

Waeleze haya wenzako mnaopanda gari moja kwenda shule. Siku nyuki akiingia, awepo hata mmoja wa kusema, "Tulieni. Dereva, simamisha gari."