Unataka kuwinda kwa upinde? Guka alinihesabia mishale kwanza

Mwaka jana bando zangu zote zilikuwa zinaishia kwa Wamarekani. Msee amevaa nguo za rangi ya majani, amekaa juu ya mti tangu alfajiri, ametulia tuli. Kulungu anatokea. Upinde unavutwa, mshale unatoka, video inakatwa, na kinachofuata ni nyama jikoni. Dakika nane tu, na watu kibao wametazama. Mimi nimeacha chuo, kazi sina, lakini simu yangu ina kamera safi na nina Guka huko Kanja, Embu, ambaye upinde wake umening'inia ukutani tangu nizaliwe. Nikajiambia, riziki si hii hapa?

Basi nikapanda matatu. Kanja ni chai, kahawa na migomba, na ukiinua macho unaona msitu wa Mlima Kenya. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: Guka anifunze wiki moja, wiki ya pili niingie msituni na binamu yangu, tumfume pongo mmoja, turekodi.

Guka alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na huko jela utarekodi na simu ya nani?"

Nilidhani ananitisha. Kumbe wengi wetu hatujui. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikulegeza kitu. Hata ukisema ni kitoweo tu cha nyumbani, faini haipungui Sh30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Ukiuza nyama, au ukiwinda kwa raha zako na kamera juu, unaangukia vifungu vingine vikali zaidi. Kuingia na mishale ndani ya hifadhi bila ruhusa nako ni kosa, hata kama hujamgusa sungura.

Na wale wanyama wa kwenye video hawako huku. Wale hudondosha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Afrika wanapatikana kaskazini tu, pande za Algeria na Tunisia. Wetu ni pongo, nsya, digidigi, na pembe zao ni za maisha. Ukivuka Tanzania, uwindaji wa leseni bado upo, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanaendelea kula kwa upinde. Lakini hayo ni maisha yao, si maudhui yako.

Nilimuuliza Guka kama hana uchungu na sheria hiyo. Akasema uchungu wake ni wa zamani. Enzi za mkoloni, mzungu mwenye leseni na bunduki aliitwa mwindaji. Mwafrika mwenye upinde aliitwa jangili. Huko Tsavo, kampeni ya 1956 na 1957 iliwatupa ndani Wawaata na Wakamba wengi waliokuwa wanawinda ndovu kwa mishale ya sumu. Tangu 1977 angalau marufuku inatubana sote, mwenye leseni na asiye nayo. Mimi naona hapo mzee ana pointi.

Kuhusu sumu, alikataa hata kunionyesha mti. Ni msunguti. Utomvu wake huchemshwa hadi uwe mzito kama lami, na ukiingia kwenye damu moyo unasimama. Wazee hawakutegemea nguvu ya mshale peke yake. Kupenya ngozi kulitosha, sumu ikamaliza kazi. (Kuna panya mmoja mkubwa wa huku Afrika Mashariki anayetafuna gamba la mti huohuo na kujipaka mate kwenye manyoya. Mbwa akimng'ata, anaweza kufa. Sijamaliza kushangaa.)

Yule Mmarekani hana sumu. Mshale wake una chembe zenye makali kama wembe, na mnyama anakufa kwa kuvuja damu. Ndiyo maana anangoja awe karibu, mara nyingi chini ya mita 30, na analenga moyo na mapafu tu, sehemu isiyozidi sana ukubwa wa sahani. Akishafuma anakaa nusu saa au zaidi kabla ya kufuata damu, maana ukimkimbiza mnyama mapema anaenda kufia mbali. Hayo yote ndiyo video inayakata.

Siku ya tatu Guka alijaza gunia majani makavu ya mgomba, akalitundika mbele ya ukingo wa udongo, akapima hatua kumi. Akanipa mishale mitano na upinde wake. Niufume mara ishirini.

Kwanza kuuvuta tu ilikuwa noma. Mzee wa zaidi ya miaka themanini anauvuta hadi shavuni, mimi mikono inatetemeka ukiwa nusu. Uzi ukanichapa ndani ya mkono hadi pakavimba. Nilipomaliza, mitatu ilikuwa imepata gunia.

"Hao kumi na saba," Guka akasema, "wote umewatoboa tumbo. Wako msituni. Waendee."

Nikacheka. Hakucheka.

Usiku huo nilifuta mpango wote kwenye simu. Lakini upinde wenyewe ulikuwa umeshaniingia, na kama nawe umekuingia, anza hivi.

Kagua jicho lako kwanza. Nyoosha mikono, tengeneza kitundu kidogo kati ya viganja, tazama kitu cha mbali kupitia hapo. Funga jicho moja, kisha lingine. Linaloendelea kukiona ndilo linaloongoza. Mimi natumia mkono wa kulia lakini jicho langu ni la kushoto, na mishale kadhaa iliyopotea ilipotelea hapo. Sasa nashika upinde kwa kulia na kuvuta kwa kushoto.

Usianze na upinde mzito. Paundi 20 hadi 25 zinamtosha mtu mzima anayeanza. Ile mizito itakufunza kutetemeka. Vaa kinga ya mkono, hata kipande cha ngozi ya kiatu. Vuta hadi palepale kila mara, mimi ni pembeni mwa mdomo. Usiachie uzi bila mshale ndani, upinde unaweza kupasuka usoni. Na nyuma ya shabaha kuwe na udongo, kamwe si njia ya watu.

Ukiubeba mtaani, uweke kwenye mfuko, uzi umetolewa. Nchi hii imeona mishale ikitumiwa vibaya, na askari hatajua kama unaenda mazoezini.

Na si mchezo wa watu wa mbali. Shehzana Anwar, mrushaji wetu wa mishale, ndiye aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki za Rio 2016. Huko wanasimama mita 70 kutoka kwenye shabaha yenye upana wa sentimita 122, na duara la alama kumi katikati lina sentimita 12.2. Mimi na gunia langu tuko mita tisa.

Jumapili Guka hunipigia simu. Haulizi kama nimekula, anauliza mishale. Wiki iliyopita nilimwambia kumi na mmoja kwa ishirini.

"Na wale tisa?"

Desemba napanda tena Kanja. Amesema atatundika gunia hatua kumi na tano.