Mashini ya kukata majani imekataa kuwaka? Angalia mambo haya matatu mbele ya kuita fundi

KINDU – Mvua imerudi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane majani yalikuwa yamekauka, na wengi walisahau mashini zao kwenye depo. Sasa mwezi wa tisa umefika na majani yanapanda mbio: pembeni ya nyumba, kwenye viwanja vya masomo, kando ya reli, ndani ya mifereji. Nyoka anapata pa kujificha, maji yanasimama, mbu wanazaa. Siku ya salongo ikikaribia, kila mtu anatafuta wa kumkatia kiwanja.

Kwa kijana mwenye mashini ya kukata majani, ile wengi wanaita debrusayezi, huu ndio wakati wa kupata pesa. Lakini mara nyingi mambo yanaanza vibaya: anavuta kamba mara kumi, mara ishirini, bega linauma, mashini kimya. Anaipeleka kwa fundi, anaambiwa karbirateri imekufa, anunue ingine. Kwa Kindu hiyo si shauri ndogo. Piesi zinatoka mbali, kwa ndege, kwa reli ao kwenye pikipiki, na bei yake inapanda na njia. Anayenunua piesi isiyohitajika anapoteza pesa na juma nzima ya kazi.

Ukweli ni huu: moteri ndogo iliyolala miezi tatu, kwa kawaida haikufa. Moteri yoyote ya esansi inahitaji vitu vitatu tu ili iwake: esansi nzuri, moto wa buji, na hewa inayobanwa vizuri ndani ya silinda. Kimoja kikikosekana, hata uvute mpaka jioni, haitawaka. Kazi ni kutafuta kile kinachokosekana, kimoja kimoja.

Mbele ya yote, angalia vitu vya bure. Kifungo cha kuzimia kiko mahali pa kuwaka? Robine ya esansi imefunguliwa? Starteri imefungwa kama mashini ni ya baridi? Kuna watu wamelipa fundi kwa kifungo tu.

1. Esansi

Esansi iliyokaa ndani ya tanki miezi tatu imepoteza nguvu. Sehemu nyepesi, ile inayoshika moto upesi, imeruka hewani. Kinachobaki kinageuka kama gundi na kuziba matundu madogo ya karbirateri. Basi usiongeze esansi mpya juu ya ile ya zamani. Mwaga yote, safisha tanki, angalia filtri ndogo iliyo mwisho wa mupira ndani ya tanki, halafu weka mpya.

Na ile mpya pia iangaliwe, juu esansi inayouzwa kwa chupa pembeni ya barabara imepita mikono mingi. Weka kidogo ndani ya chupa nyeupe na uiache itulie. Kama kuna maji, yatashuka chini na utayaona. Tena mwaga tone moja juu ya karatasi safi. Esansi safi inakauka haraka bila kuacha kitu. Ikiacha doa la mafuta, inawezekana ilichanganywa na petroli ya taa ao mazuti. Fanya jaribio hili mbele ya kuweka mafuta ya moteri, vinginevyo doa litakuwepo siku zote.

Halafu kuna shauri la kuchanganya. Debrusayezi nyingi, tronsonezi, na zile grupe ndogo za kubeba kwa mkono ni moteri za tani mbili. Hazina mahali pa mafuta yake peke. Mafuta yanachanganywa na esansi. Soma alama kwenye kifuniko cha tanki ao kwenye kitabu chake. Ikiandikwa 1:50, ni mililita 20 za mafuta kwa litre 1 ya esansi. Ikiandikwa 1:25, ni mililita 40. Siringi ya mililita 20 kutoka farmasi ni kipimo kizuri kuliko kukadiria kwa macho. Na usisahau kwamba chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 haifikii litre: kwa 1:50 inatosha mililita 14 ao 15.

Mafuta yakizidi, mashini inatoa moshi mwingi na buji inachafuka. Yakipunguka, pistoni inakwaruza silinda na moteri inakwama. Hapo ndipo hasara kubwa inaanza. Mtu anayefikiri anahifadhi pesa kwa kupunguza mafuta, atailipa kwa kununua moteri nzima.

2. Buji

Toa buji na uitazame. Inasema mengi.

- Ikiwa imelowa esansi: esansi inafika, lakini haishiki moto. Pengine ulivuta mingi sana na starteri ikiwa imefungwa. Kausha buji, fungua starteri, vuta kamba mara kadhaa bila buji ili esansi iliyozidi itoke, halafu irudishe.
- Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta sana: esansi haifiki. Rudi kwenye filtri, mupira na karbirateri.
- Ikiwa nyeusi yenye masizi: mafuta yamezidi, ao filtri ya hewa imeziba.
- Ikiwa nyeupe: moteri inawaka kwa joto kubwa, esansi ao mafuta ni kidogo, ao kuna hewa inayoingia pembeni.
- Rangi nzuri ni ya kahawia, kama udongo.

Safisha buji kwa brosi ya chuma. Nafasi kati ya ncha zake kwa moteri nyingi ndogo ni milimita 0,6 mpaka 0,7. Ili kujaribu moto, peleka mashini mbali na mahali esansi ilimwagika, funika tanki, irudishe buji kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye chuma cha moteri ukishika kwa pensi yenye mpira, halafu mwingine avute kamba. Moto wa bluu wenye nguvu ni mzuri. Hakuna moto? Jaribu na buji ingine nzima mbele ya kulaumu koili.

Kwa grupe za tani nne, zenye mafuta yake chini, angalia kijiti cha mafuta kwanza. Nyingi zina kifaa kinachokata moto mafuta yakishuka. Watu wanabadilisha buji na koili, kumbe ni mafuta tu yamepunguka.

3. Hewa

Vumbi la wakati wa jua linajaa kwenye filtri ya hewa. Kama ni ya sponji, ifue kwa sabuni na maji, ikamue bila kuipotosha, ikauke vizuri, itie tone la mafuta ya moteri na uirudishe. Kama ni ya karatasi, haifuliwi: ipige-pige polepole itoe vumbi, ao ibadilishwe. Kutumia mashini bila filtri ni kuingiza mchanga ndani ya silinda.

Angalia tena mahali moshi unatokea. Kwenye tani mbili, masizi yanajaa pale na moteri inakosa nguvu. Na mashini iliyolala muda mrefu inaweza kuwa nyumba ya nyigu. Wadudu wanaojenga kwa udongo wanapenda matundu kama hayo.

Mwisho, vuta kamba polepole buji ikiwa mahali pake. Unapaswa kusikia uzito, kama kitu kinakukatalia. Kamba ikija nyepesi sana, hewa haibanwi: segmenti zimechakaa ao jointi imepasuka. Hapo sasa ndipo fundi anahitajika kweli.

Inawaka, halafu inakufa

Lalamiko hili linasikika mara nyingi: mashini inawaka vizuri, inafanya kazi dakika chache, inazima. Fungua kidogo kifuniko cha tanki na uiwashe tena. Ikiendelea vizuri, tundu dogo la hewa kwenye kifuniko limeziba, na esansi ilikuwa haiwezi kushuka. Sindano ya kushonea inatosha kulifungua. Ndiyo ukarabati wa bei rahisi kuliko zote.

Usicheze na hatari hizi

Usitie esansi kwenye moteri ya moto, ngoja ipoe. Mbele ya kugusa kisu ao uzi wa kukatia, toa kofia ya buji. Vaa viatu vya kufunika mguu, suruali nene na miwani, juu jiwe linaruka kwa nguvu. Watoto na wapita njia wakae mbali mita 15. Na moteri yoyote ya esansi, hasa grupe, haiwashwi ndani ya nyumba wala ndani ya duka lililofungwa, hata dirisha likiwa wazi. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Ukishafuata hatua hizi na mashini bado inakataa, peleka kwa fundi, lakini umwambie ulichokiona: esansi ni mpya, buji ilikuwa ya rangi gani, moto upo ao haupo, kamba ni nzito ao nyepesi. Fundi mzuri atashukuru, na atapata tatizo haraka. Yule anayetaka kukuuzia karbirateri bila kufungua kitu, atajua kwamba unaelewa.

Na mwezi wa sita ukirudi, mbele ya kuweka mashini depo, mwaga esansi yote, iwashe mpaka ijizime yenyewe, isafishe majani, na uifunike mahali pakavu. Dakika kumi za siku hiyo zinahifadhi msimu mzima unaofuata.